Wimbo wa Ishirini na Nne

Sura ya Sita

Mashine ilikuwa imefunikwa shuka jeupe, na hilo ndilo lililomuudhi Priscille Atosha tangu alipokanyaga kizingiti. Priscille alikuwa OPJ, afisa wa upelelezi katika mji wa Bunia, na kazi hiyo ilikuwa imemwonyesha mashuka ya namna hiyo kupita kiasi. Hakutaka kuonyeshwa jingine juu ya kioo cha mchezo.

"Antoine, hii shuka ni ya nini?"

"Batu banaogopa, chef."

"Na weye?"

"Miye siogope. Niko naheshimia tu."

Alisema hivyo mguu mmoja ukiwa ndani na mwingine nje. Antoine alikuwa mwenye ukumbi wa michezo pale mtaa wa Lumumba, jitu la mabega mapana ambalo lilikwisha kuwatoa nje walevi wawili kwa mpigo, mmoja kila kwapa. Tangu Jumatatu hakuwa amelala vizuri. Ukumbi wenyewe ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi, saa ambayo vijana wa machimbo walioshuka mjini hugombea nafasi.

Nyuma ya Priscille alisimama Mama Faida, mkulima wa Djugu, sasa mkimbizi katika kambi iliyo pembeni ya mji. Mwembamba, amevaa nyeusi toka kitambaa cha kichwa hadi kanga. Ndiye aliyefungua jalada hili. Jumatatu adhuhuri alikuwa ameketi mlangoni kwa Antoine akiuza karanga, siku yake ya kwanza pale, mashine ikaingia giza, ikaanza kuimba bila mtu kucheza. Wachezaji wakatoka mbio wakiacha viatu. Mama Faida yeye akaingia ndani, kwa sababu sauti ile aliijua. Aliizaa mwenyewe. Ilikuwa ya binti yake Débora, aliyepotea miaka mitatu nyuma, mwezi wa tano wa mwaka elfu mbili ishirini na moja, siku watu wenye silaha walipoingia kijijini kwao. Maiti zilipatikana kumi na tatu. Ya Débora haikuwamo.

Ukoo ulimlilia hata hivyo. Jumamosi ya juma hili ndiyo ilikuwa siku ya kuondoa matanga: nguo nyeusi zinavuliwa, zinachomwa, watu wanakula, na aliyekufa anaachwa aende. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Chef, sitaki unifariji," Mama Faida alikuwa amemwambia ofisini juzi, kabla hata ya kuketi. "Nataka ujue kitu moja. Mutoto wangu alikufa ao iko muzima? Kama niko navua nguo samedi na yeye iko muzima, nitakuwa nimemuzika kwa mikono yangu."

Priscille alikuwa ameandika tu, maana kuandika ndiyo adabu ya OPJ asiyejua la kusema.

Sasa alilivuta lile shuka, akalikunja, akamkabidhi Antoine kama mtu anayerudisha sahani.

"Washa groupe."

Jenereta ilikohoa uani, ikanguruma. Mashine mbili zikawaka ubavu kwa ubavu, sura moja, rangi moja, jina moja juu ya kioo: Makofi. Ulikuwa mchezo wa mdundo uliotengenezwa na vijana fulani wa Kampala. Wimbo unapigwa, duara za rangi zinashuka kwenye kioo, na mchezaji anapiga kibao cha rangi hiyo duara linapofika mstarini. Vibao vilikuwa vinne: chekundu, bluu, cha njano na cha kijani. Ukichelewa, kioo kinazomea.

"Hizi mbili ni mamoja?" Priscille aliuliza.

"Ni mamoja, chef. Hii ya kushoto shemeji alinunua Kampala. Hii ya kuume nilinunua hapa Bunia. Ni version ya Congo."

"Kama ni mamoja, ju ya nini unasema version?"

Priscille alitoa daftari.

"Nisomee nyimbo zote. Kushoto kwanza. Moja moja."

Ilichukua dakika kumi. Antoine alisoma majina, OPJ akaandika namba pembeni, Mama Faida akatazama mlango. Kushoto zilifika ishirini na nne. Kuume ziliishia ishirini na tatu.

"Mwaka muzima uko na hizi mashine," Priscille alisema, "na hukuhesabu hata siku moja."

"Nani anahesabu nyimbo, chef? Siye tunachezaka tu."

Uliokosekana kuume ulikuwa wa mwisho kushoto. Uliitwa Sombe, na picha yake ilionyesha mwanamke anayecheka, mchi mkononi, kinu cha mti mbele yake kimejaa majani ya muhogo.

"Balitoa ile ku version ya Congo," Antoine alieleza, sasa akiona haya kidogo. "Iko na luga ya kule Djugu. Pengine baliogopa batu batagombana mu masalle za huku. Uganda hakuna mwenye kuisikia, balikuwa na amani."

"Kwa hiyo wimbo wenye haupo njo uliimba lundi?"

"Njo ile naogopa, chef. Kintu chenye hakiko kinaimba."

Priscille alipiga magoti mbele ya mashine ya kuume. Hakuamini mizimu inayohitaji jenereta. Alipitisha kidole kwenye vibao, kimoja kimoja, akivisukuma chini na kuviachia. Cha kijani kilipanda. Cha njano kilipanda. Bluu kilipanda kwa uvivu. Chekundu kilibaki chini. Akatoa kipini cha nywele, akachokoa ukingo wake, na chembe za vumbi la barabara zikamwagika sakafuni, vumbi lile lile linaloingia Bunia mpaka ndani ya mkate.

"Lundi kilikuwa kimekwama vile?"

"Kilikuwa kinakwama tangu dimanche. Nilizima mashine, niliwasha tena, nikasema kitaachia chenyewe."

"Fanya tena vile. Zima. Kikandamize. Washa."

Antoine alitazama mbingu kupitia bati, akafanya. Kioo hakikuonyesha jina la mchezo. Kilikaa cheusi muda mrefu, kisha herufi nyeupe zikajitokeza: CHUMBA CHA MAJARIBIO. Chini yake ilikuwa orodha ya vitu ambavyo hakuna mchezaji aliyekusudiwa kuviona. Mpiga ngoma asiye na uso. Makofi yasiyotoa sauti. Uwanja wa kijiji usiotiwa rangi, wenye nyumba na njia na hakuna mtu hata mmoja. Na mwisho, namba peke yake, 24, na maneno mawili: Ghafi. Isitumike.

"Basi njo hapa mzimu wako analala," Priscille alisema. "Watengenezaji walitoa jina mu orodha. Wimbo wenyewe waliuacha ndani. Kibao kikikwama wakati wa kuwasha, unaingia chumba chao, na kikibaki chini kinachagua chenyewe."

Alibonyeza. Hakuna duara lililoshuka, hakuna rangi. Kwanza ilisikika pumzi, pumzi ya mtu aliyeinama, karibu sana, na Priscille akajikuta amegeuka kutazama nyuma yake. Kisha chombo kikagonga, tok, na tok, na tok, na juu ya mdundo huo sauti ya msichana ikapanda, nyembamba, kavu, isiyo na haraka.

Mama Faida alivua ndala zake. Hakulia. Alizipanga pembeni vizuri, akasimama miguu mitupu kwenye saruji mbele ya mashine, kama anayeingia nyumbani kwa mtu.

"Njo yeye?"

"Njo yeye, chef. Anaimbaka vile. Ila hapa anavuta pua katikati."

Haikupita dakika, jenereta ikakohoa tena, ikanyamaza. Kioo kikafa na sauti ikakatika katikati ya neno. Antoine alikuwa amekwisha kutoka nje, akidai anakwenda kutafuta mafuta.

Saa tano na robo aliingia mtu wa nne, ameshika hati yake ya mwito kwa vidole viwili kana kwamba inachoma. Aliitwa Gustave, mkusanyaji wa sauti. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya walioutengeneza mchezo: vijana wa Kampala walimtuma Ituri kunasa nyimbo. Shati limenyooshwa, kalamu mfukoni, tabasamu la mtu anayejua kuongea na wakubwa. Priscille alimketisha kwenye meza ya kando, akafungua karatasi ya PV, hati ya maelezo ya anayehojiwa, akaanza kumwandika.

"Wimbo namba vingt-quatre. Ni weye uliunasa?"

"Ni miye, chef."

"Wapi?"

"Kanisani, kule Djugu. Ilikuwa chorale. Bamama balikuwa banatwanga sombe inje, ju ya chakula ya fête. Musichana mumoja aliimba, nikamushika na micro."

"Lini?"

Gustave alikuwa tayari. Alitoa daftari dogo, akafungua ukurasa bila kuutafuta. "Dix-sept janvier deux mille vingt et un. Siku ya yenga. Niliandika."

Jumapili, Januari kumi na saba, elfu mbili ishirini na moja. Kila mtu pale alijua kuhesabu kutoka Januari hadi Mei. Mama Faida alikaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, mgongo ukutani. Januari walikuwa wote nyumbani. Januari Débora alikuwa akigombana na kaka yake juu ya sabuni. Sauti iliyomtoa kwenye karanga zake ilikuwa imenaswa miezi minne kabla ya siku ile, na haikuthibitisha chochote ila kwamba binti yake alipata kuimba.

"Pole, mama," Gustave alisema, na alionekana kumaanisha.

Priscille aliandika tarehe. Alikuwa na mstari mmoja tu wa kuongeza ili alifunge jalada, na ofisini kwake wangefurahi. Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi pale Mama Faida alipozungumza toka sakafuni, taratibu, kama mtu anayejiuliza.

"Yenga? Kwetu yenga mwanamuke hatwangake. Sombe inatwangwa samedi. Ukitwanga yenga, pasteur anakuita jina mbele ya batu bote."

"Ilikuwa fête, mama," Gustave alisema.

"Hata fête."

"Pengine nilikosea siku."

"Uliandika," Priscille alisema.

Tabasamu la Gustave lilibaki palepale, ila macho yalihama kwenda kwenye mashine. Priscille aliyaona yakihama. Akafunika kalamu.

Antoine aliporudi na mafuta, Priscille hakugusa mashine ya kuume. Aliwasha ya kushoto, ya Kampala, akamwamuru Antoine aucheze wimbo wa Sombe mbele ya wote.

Vijana wa Kampala walikuwa wameuvisha. Walitia gitaa, walitia ngoma, walitia kiitikio cha watoto. Sauti ya Débora ilikuwa imesafishwa ikang'aa, na kama hukuijua ungecheza bila wasiwasi. Duara nyekundu zilishuka mfululizo, na Antoine akazipiga, tok, tok, tok, hata kumi na mbili. Kisha nyekundu zikakoma na bluu tatu zikateremka, na kila alipopiga bluu ulisikika msuguo laini: shaa, shaa, shaa. Halafu nyekundu tena.

"Simama. Hii bleu ni nini?"

"Ni maracas, chef, ni kayamba. Baliweka benyewe."

"Waliweka, ao waliikuta?"

Antoine aliinua mabega. Priscille alirudisha mwanzo, akasikiliza tena mikono imefungwa kifuani. Mapigo kumi na mawili, misuguo mitatu. Mapigo kumi na mawili, misuguo mitatu. Huko Kampala waliisikia, wakaipenda, wakaipa rangi.

"Mama Faida. Ukitwanga sombe, unaichekecha?"

Mama huyo alimtazama kwa huruma, jinsi mama wa shamba anavyomtazama mtu wa ofisi. "Sombe inachekechwa wapi, chef? Ukitwanga unatia mu nyungu."

"Na kinu chako cha sombe ni cha nini?"

"Cha muti. Kinu chote ni cha muti."

"Hiki unasikia ni muti?"

Mama Faida aliinama kuelekea kipaza sauti. Antoine pia, ijapokuwa hakuna aliyemwomba. Tok. Tok. Chini ya gitaa na ngoma, mlio ulikuwa mfupi, mkali, ukiacha mwangwi mdogo nyuma yake.

"Ni chuma," Mama Faida alisema.

Priscille alijua ni chuma tangu pigo la tatu. Mama yake alimsomesha kwa mlio huo, ameketi chini katika mji wa dhahabu, kinu cha chuma katikati ya miguu, kitambaa kimefungwa puani kwa ajili ya vumbi, akiponda mawe ya watu wengine kuwa unga. Unaponda, unachekecha, unarudisha makapi, unaponda. Waliofanya kazi hiyo walivuta pua katikati ya kila sentensi mpaka siku ya kufa.

Aligeuka. "Gustave. Kanisa gani Djugu inatwanga mawe ya dhahabu?"

Gustave aliikunja hati yake ya mwito.

"Niko nakuuliza mbele ya PV. Ukinyamaza naandika alinyamaza."

"Chef," Gustave alisema, na shati lake lililonyooshwa lilikuwa limeanza kulowa, "ile fasi hawatajake."

"Itaje."

"Carré Mungu Iko. Kule juu, mu machimbo. Polisi haifikake kule. Kuko batu benye silaha njo banachunga. Baliniacha niingie saa moja tu, ninase bamama benye kutwanga. Kisha mukubwa wao aliniambia, ukisema ulifika hapa, tutajua uko unalala wapi. Bana ba Kampala baliuliza ile milio ni ya nini. Nikasema sombe. Ningesema nini? Bakachora kinu na majani, nikaona vizuri, hakuna atakayejua."

"Na daftari?"

"Niliandika jana, wakati hii convocation yenu ilifika."

"Mwaka gani ulifika ile carré?"

"Deux mille vingt-deux. Nyuma kidogo ya Pasaka."

Elfu mbili ishirini na mbili, karibu mwaka mzima baada ya kijiji kuvamiwa. Mama Faida alikuwa amesimama. Priscille alinyoosha mkono kumzuia, kwa upole, bila kumtazama, kwa sababu tumaini la mtu mwingine lina uzito na yeye hakutaka kulibeba kabla ya wakati.

"Asubuhi janvier vingt et un," alisema. "Sasa Pasaka vingt-deux. Saa tisa utaniambia mwaka gani?"

"Ni kweli, chef! Naapa!"

"Ile ya kwanza ya uongo ulinionyesha hata ukurasa."

"Chef," Mama Faida alisema kwa sauti ndogo, "huyu baba akidanganya mara moja, ile ya pili nashika na nini? Samedi nitaambia ukoo nini? Kwamba mwongo aliapa?"

Alikuwa na haki. Mahali palithibitika. Mwaka bado. Watu walipelekwa machimboni kabla ya vita na baada ya vita. Débora angeweza kwenda kule likizo ya shule, akaponda mawe juma moja, akarudi nyumbani kufa. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hawakukimaliza.

Alirudi kwenye mashine ya kuume, akakandamiza kibao chekundu, akawasha. Giza. Chumba cha majaribio. Kijiji kisicho na watu. Namba 24.

"Hii hatukuifikisha mwisho," alisema. "Ya Kampala wameifunika na ngoma. Hii ni ghafi. Hakuna mtu ataongea."

Pumzi ikaja tena, ile ile. Kisha chuma. Kisha sauti. Débora aliimba beti moja, mbili, na nyuma yake walisikika wanawake wengine wakikohoa. Dakika ya tatu wimbo ulibadilika. Ulipungua, ukawa wa kuita. Pigo tupu, likafuatwa na kimya kidogo. Pigo jingine tupu. Halafu jina, Espoir, likavutwa kwa upendo. Kisha pigo tupu tena, na kimya kirefu kuliko vile viwili. Halafu kicheko kifupi, au kikohozi, na mwisho.

Mama Faida alikuwa ameweka kiganja kinywani.

"Nini?" Priscille aliuliza. "Mama, nini?"

"Rudisha."

Akarudisha. Safari hii mama huyo alihesabu kwa vidole, na kidole cha pili kilipokunjwa akakishika kwa mkono mwingine.

"Ni wimbo ya kwetu," alisema. "Ya nyumba yetu, ya kutwangia. Ukifika mwisho, unaita batu benye batakula, moja moja, namna banakaaka mu nyumba. Baba, mama, bana. Mwenye alikufa hatumuitake jina. Ukimuita atakuja, na sahani yake haiko. Unapiga kinu mara moja, unanyamaza kidogo, unapita."

"Kwenu mulikuwa nani na nani?"

"Mathieu, bwana yangu. Yeye ugonjwa ulimuchukua mbele ya vita, njo ile pigo ya kwanza. Nyuma miye. Nyuma Espoir, mukubwa, siku ile alikuwa Komanda anapakiza malori, iko muzima mpaka leo. Débora mwenye kuimba hajiitake. Na Destin, wa mwisho."

Priscille aliandika majina manne, moja chini ya jingine, akachora msalaba mbele ya Mathieu. "Januari, mbele ya vita, angeimbaje?"

"Pigo. Faida. Espoir. Destin."

"Na hapa ameimbaje?"

Mama Faida alihesabu tena kwa vidole. Kwenye mashine ya Kampala, Antoine alikumbuka ghafla, kwenye mapigo hayo matupu kulikuwa na makofi ya watoto. Walidhani mwimbaji amesahau maneno, wakaziba.

"Destin balimukata siku ile," mama huyo alisema. "Débora alimuona. Balikuwa pamoja shambani, yeye na dada yake. Kama anapiga kinu fasi ya Destin, ile siku ilikwisha kupita. Chef, ilikwisha kupita! Alitoka!"

"Alitoka," Priscille alisema. Pasaka ya Gustave ilikuwa ya kweli.

"Na fasi ya pili," Mama Faida aliendelea, polepole sana, "ni fasi yangu."

Jenereta ilinguruma uani.

"Miaka tatu niko navaa nyeusi juu yake," alisema. "Na yeye kule iko ananipigia kinu."

Gustave ndiye aliyeinuka kwanza, na labda kwa hilo atasamehewa mengi. Alitoa simu, akasema anayo namba ya Mama Bijou, mwanamke anayetunza vinu vya pale carré. Mama Bijou alimpa namba hiyo siku ya kunasa ili amtumie wimbo, naye Gustave kwa woga hakuutuma. Priscille alimwambia aache maelezo, apige. Simu iliita mara nane. Kisha ikapokewa na mlio wa vyuma, vyuma vingi, kumi au ishirini kwa pamoja, vikajaza ukumbi mzima. Gustave akamwulizia Débora wa Djugu.

"Débora?" sauti nzito ya mwanamke ilipiga kelele juu ya mlio huo. "Débora wa Djugu? Iko hapa anatwanga. Nani anamutafuta?"

Priscille alimpa Mama Faida simu. Vyuma vilisogea mbali. Ikaja pumzi.

"Allô?"

"Débora. Ni miye. Ni mama."

"Mama yangu alikufa," sauti ilisema, ya mtu mzima sasa, imekwaruzika. "Balinionyesha nyumba iliungua naye. Weye ni nani? Muniache. Musichezee batu benye kufa."

"Débora—"

"Nakata."

Mama Faida hakubishana. Aliilaza simu mezani juu ya karatasi za PV, sauti imefunguliwa, akakunja ngumi, akaanza kugonga mbao. Akaimba. Hakuwa na sauti nzuri. Binti aliipata kwa baba. Aliruka beti zote akaenda moja kwa moja kwenye kuita. Akapiga pigo moja, la Mathieu, akanyamaza kidogo. Kisha akaliimba jina lake mwenyewe, akalivuta kama linavyovutwa kwao, hadi pumzi ikamwishia: Faida.

Upande wa pili haukukatika. Ulisikika mchi ukianguka juu ya mawe, na mwanamke mwingine akiuliza kuna nini. Kisha kilio kikatoka kwenye simu ile ndogo, kilio cha mtoto kabisa, na Antoine akageukia ukuta, na Priscille, ambaye PV yake haina nafasi ya machozi, akaanza kuandika saa na dakika kwa mwandiko usiosomeka.

"Mama?"

"Niko hapa."

"Mama, weye? Weye kweli?"

"Niko hapa, mutoto wangu. Niko Bunia. Sikuungua."

Pua ikavutwa. Na sauti ilipokuja tena ilikuwa imejaa kitu ambacho hakikuwamo kabla, kitu kilichopanda haraka mno, ambacho kila mtu mle ukumbini alikisikia na hakuna aliyeweza kukizuia.

"Mama, kama weye uko muzima... na Destin?"

Mama Faida alifungua kinywa. Alitazama simu, akamtazama Priscille kana kwamba OPJ ana sheria ya kumwokoa na swali hilo. Halafu akainua ngumi, akagonga meza mara moja, na akanyamaza.